Ndege au Nyota? Ulinganisho kwa Mkazi wa Kisumu na Nakuru

Uliza watu wa Kisumu wanafanya nini wakitoka kazini na majibu yatakuwa yaleyale: mpira, simu, samaki na ugali mahali fulani, na Jumapili kanisa. Hakuna ubaya. Lakini kuna wale wanaotaka hobi ya utulivu, isiyo na ada ya uanachama wala sare, ambayo mtu anaweza kuifanya peke yake leo na kuendelea nayo hata akistaafu. Mbili ninazoulizwa mara kwa mara ni kutazama ndege na kutazama nyota. Zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Zote ni za kusimama kimya, kuinua macho na kujifunza majina, na zinatumia hata kifaa kimoja.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ukiishi Kisumu, anza na ndege. Ukiishi Nakuru, anza na nyota. Najua inasikika kinyume, kwa kuwa Nakuru ndiyo yenye heroe (flamingo) wa waridi kwenye kila kalenda ya ukutani. Basi nifuate nikueleze.

Saa kwanza, pesa baadaye

Hobi nyingi hufa kwa kukosa saa, si kwa kukosa pesa. Hapa kwetu tuko ubavuni mwa ikweta. Kisumu iko kusini yake kidogo tu, na ukipanda matatu ya Busia utauvuka mstari wenyewe pale Maseno, penye alama kando ya barabara. Kwa hiyo jua letu halina vituko: linachomoza kama saa kumi na mbili unusu asubuhi na kutua kama saa kumi na mbili unusu jioni, Januari hadi Disemba, dakika zikipanda na kushuka kidogo tu. Likitua linashuka wima, halibarizi. Kufikia saa moja unusu usiku giza limeshatanda. Ulaya ya kaskazini, wakati wa kiangazi chao, mtu hukesha karibu hadi usiku wa manane ndipo aone nyota za maana. Sisi tunaziona kabla ya habari za saa tatu, tena pamoja na watoto, kabla hawajalala.

Ndege wanataka asubuhi. Tangu alfajiri mpaka kama saa tatu ndipo wanapoimba, wanapolishana na kugombana. Jua likikaza wanajificha, na mtu aliyefika saa tano akiwa na kofia na maji ya chupa atakuta miti imenyamaza. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, wanaanza tena, lakini kwa muda mfupi. Kwa mwajiriwa anayepaswa kuwa dawatini saa mbili, akiwa bado na foleni ya Kondele mbele yake, hiyo ni nusu saa ya siku za kazi na wikendi yote.

Kwa hesabu ya saa peke yake, basi, nyota zimeshinda. Mtu anakula, anaosha vyombo, anatoka nje. Ila hesabu hiyo imesahau ziwa.

Mawingu ya Kisumu

Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji. Upepo hutoka ziwani kuja bara, unapanda kuelekea Nandi na Kericho, unakutana na upepo wa mashariki, na ifikapo alasiri mawingu yamejazana. Ndiyo maana wakulima wa chai wa kule juu wanaijua mvua ya mawe kama jirani mkorofi. Na ndiyo maana mkazi wa Kisumu akitoka nje saa mbili usiku na darubini yake, mara nyingi anachokiona ni radi ikimulika upande wa mashariki, na juu ya kichwa ni kijivu kitupu. Usiku wa manane mambo hugeuka. Nchi imepoa, upepo unarudi ziwani, mvua inahamia huko majini na anga ya mji inasafika. Lakini ni nani mwenye kazi kesho atakayeamka saa tisa usiku?

Ikweta imetupa zawadi ambayo nchi nyingi hazina: kwa mwaka mzima tunaweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini. Jioni za Aprili na Mei, ukigeukia kusini unauona Msalaba wa Kusini umesimama wima, na ukigeuka nyuma unaziona nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa kaskazini, zote kwa saa ileile. Mtu wa London hauoni Msalaba kamwe. Sasa niambie, Aprili na Mei ni miezi gani kwetu? Mvua ya masika. Hii ni dhuluma ambayo sijaizoea.

Nakuru ni hadithi nyingine. Mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 700 juu ya Kisumu, hewa yake ni kavu zaidi na haina ziwa kubwa la kuipikia mawingu kila jioni. Mvua ya alasiri ipo, lakini ikipita imepita. Kuanzia Disemba hadi Februari unaweza kupata juma zima la usiku usio na mawingu. Na huo ndio msimu wa Orioni: zile nyota tatu zilizopangana kwenye mkanda wake ziko karibu kabisa na ikweta ya mbingu, kwa hiyo kwetu huchomoza mashariki kamili na kupita juu ya utosi. Ukilala chali kwenye nyasi za Lanet au Njoro mwezi wa Januari, kama saa nne usiku, hutahitaji kugeuza shingo.

Taa za mji ni adui pande zote mbili, ingawa wa Kisumu anaweza kupanda vilima vya Riat akapunguza sehemu ya mwanga. Usiku ambao stima zimepotea mtaa mzima na majirani wanalaumu, mtazama nyota hufurahi kimyakimya.

Ndege wa bure na ndege wa geti

Hapa ndipo Kisumu inapoishinda Nakuru, na si kwa kidogo.

Nenda Dunga, kilomita chache kutoka katikati ya mji, asubuhi ya siku yoyote. Kabla hujafika kwenye mafunjo umeshamwona fundichuma na kile kichwa chake cha nyundo, yangeyange weupe wakitembea nyuma ya mashua, na kongoti mzee aliyekunja shingo akingoja matumbo ya samaki. Juu ya maji yupo mdiria mweusi na mweupe. Huyu mtazame kwa makini. Anasimama hewani palepale, mabawa yakipiga kasi, mdomo umeelekezwa chini, kichwa hakitikisiki hata kidogo. Halafu anaanguka kama aliyeachiliwa. Akitoka na kasamaki, mara nyingi ni omena, omena uleule unaoanikwa ufukweni hatua chache kutoka pale. Samaki akiwa mkubwa, anampeleka kwenye nguzo na kumgonga kwanza. Mtu anaweza kumtazama mdiria mmoja saa nzima asichoke, na hajalipa senti.

Ukitaka cha nadra, kipo. Ndani ya mafunjo anaishi gonoleki wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu cha kung'aa, utosi wa manjano. Haishi mahali pengine ila kwenye mafunjo ya nchi chache za eneo hili, na watazamaji hupanda ndege kutoka mbali kuja kumwona. Wewe unaweza kwenda na boda. Yeye si wa kujionyesha, kwa hiyo mlipe mwongozaji wa pale Dunga akupeleke kwa mashua. Sauti yake utaisikia kabla hujamwona, na pengine usimwone. Mafunjo yanakatwa na kuchomwa kila mwaka, kwa hiyo siku ukimwona, muda wake usiuharakishe.

Nakuru ina ndege wengi, sibishi. Ziwa lilifanywa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, likawa mbuga ya taifa 1968, na tangu 2011 limo kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Shida ni kwamba ndege hao wako nyuma ya ua. Kuingia ni kulipa ada kwa eCitizen, mtandao wa serikali, na ndani hutembei kwa miguu, unahitaji gari. Kwa familia iliyokuja likizo, hiyo ni siku nzuri. Kwa hobi ya kila Jumamosi ni mzigo. Isitoshe, heroe wenyewe si wa kutegemewa. Kuanzia miaka ya 2010 maji ya ziwa yalipanda, yakafunika hata geti kuu la zamani, na magadi yakachujuka. Heroe wadogo hula mwani mdogo unaostawi kwenye maji ya magadi mengi. Mwani ulipopungua, makundi makubwa yalihamia Bogoria na kwingineko. Wapo wanaorudi, lakini ukienda Nakuru kwa ajili ya ile picha ya kalenda, jiandae kuona kalenda tupu.

Mtu wa Nakuru mwenye moyo wa ndege asikate tamaa. Barabara kuu ya kwenda Nairobi inapita kando ya Elementaita, ambako mwari weupe huzaana visiwani, na miti ya Njoro ina mambo yake. Ila si sawa na kutoka nyumbani kwa miguu.

Halafu kuna Kakamega, ambayo ni faida nyingine kwa mtu wa magharibi. Msitu ule ni kipande cha mashariki cha misitu ya Kongo, kilichobaki peke yake, na una zaidi ya aina 300 za ndege. Ukilala Isecheno au Buyangu siku moja, utaamshwa na hondohondo wanaopita juu ya miti, mabawa yao yakivuma kama mtu anayepepea mkeka. Turako mkubwa wa buluu, aliye na ukubwa wa kuku na zaidi, anakimbia juu ya matawi badala ya kuruka. Kutoka Kisumu unaondoka asubuhi, unarudi jioni.

Darubini moja, kazi mbili

Kwa ndege unaweza kuanza na macho tu. Kwa nyota vilevile. Lakini baada ya miezi michache utataka darubini ya macho mawili, na hapa watu hupigwa.

Nambari zinazoandikwa juu yake, mathalani 8x42, zina maana rahisi: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watazama nyota husifu 10x50, watazama ndege husifu 8x42. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 10x50 inatoa milimita 5, na 8x42 inatoa 5.25. Kwa hiyo ile ya ndege haikosi mwanga wa kutosha usiku, tena ni nyepesi na haitetemeki sana mkononi. Ukinunua moja tu, nunua 8x42. Iliyoandikwa 30x60 na inatoshea mfukoni, inayouzwa na mchuuzi kwenye foleni, mrudishie na umtakie siku njema.

Ya mitumba inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi. Ukiikuta sokoni Kibuye siku ya Jumapili, usianze na bei. Igeuze, itazame kupitia lenzi ya mbele ukiielekeza kwenye mwanga wa mchana. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani, huo ni ukungu, na hautoki kwa kufuta. Kisha elekeza kwenye kibao cha mbali, labda cha duka au kanisa, na usome maandishi. Yakionekana mara mbili, moja juu ya lingine, mche wa kioo wa ndani umegongwa. Muuzaji atakwambia macho yako yamechoka. Ondoka.

Teleskopu ni habari tofauti, na ushauri wangu ni kungoja. Kwa hiyohiyo 8x42, ukiegemea ukuta ili mikono itulie, utaona miezi minne ya Mshtarii, ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610: vitone vidogo vilivyopangwa mstari mmoja ubavuni mwa sayari. Kesho yake vimebadilishana nafasi. Wa ndani kabisa huzunguka kwa chini ya siku mbili, kwa hiyo mtu anaona saa ya mbinguni ikienda. Pete za Zohali hutaziona kwa darubini hii; aliyekuahidi alikudanganya. Kilimia, ambayo kwa jicho tupu ni nyota sita au saba, inageuka kundi la makumi. Mwezi utazame ukiwa nusu, si mpevu: ukiwa mpevu hauna vivuli na mashimo yake hayaonekani.

Jambo moja lisilo na mjadala: darubini isielekezwe kwenye jua, hata sekunde moja. Nalisema kwa kuwa tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua. Kamili itaonekana Misri na sehemu nyingine za kaskazini. Kwetu jua litamegwa sehemu tu, mchana. Watoto watatoka nje kutazama, na miwani ya kawaida ya jua haisaidii kitu.

Mbu, viboko na askari wa geti

Nyota zina gharama ambayo vitabu vya wageni havitaji. Kukaa nje usiku Kisumu ni kukaa na mbu, na mbu wa ziwani huleta malaria. Vaa mikono mirefu, paka dawa, na usilale hapo. Kutoka mjini kwenda gizani ni suala la usalama: Menengai ya Nakuru ina upeo mzuri mno, lakini mtu mmoja usiku na mfuko mgongoni pale juu ni kuwatafutia wengine kazi. Enda kundi, kwa gari, au baki juu ya paa la ploti yako, ambako shida kubwa itakuwa mwenye nyumba kuuliza unachungulia madirisha ya nani. Swali hilo ulijibu mapema: mpe darubini atazame mwezi.

Ndege wana viboko. Ukingoni mwa ziwa, alfajiri, kiboko huwa anarudi majini kutoka malishoni, na usisimame kati yake na maji. Wavuvi wanajua walipo, waulize. Na ukielekeza darubini mahali penye kambi ya polisi au uwanja wa ndege, utajieleza sana.

Majina, na nani wa kutembea naye

Tofauti kubwa kuliko zote, kwangu, iko hapa. Mbingu ina mwisho. Makundi rasmi ya nyota ni 88, na ukishika nyota angavu ishirini na sayari tano unaweza kusoma anga yoyote. Nyota ulizojifunza Januari hii zitarudi Januari ijayo mahali palepale. Ndege hawana mwisho. Kenya ina zaidi ya aina 1,000, na kuanzia Oktoba hadi Aprili wanaongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, mbayuwayu wakiwa wengi. Mtu anayependa kumaliza kitu atapata raha kwenye nyota. Anayependa kushtukizwa aende kwa ndege.

Programu za simu zipo za bure kwa pande zote. Stellarium inakuonyesha jina la nyota unayoielekezea simu. Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, inasaidia kutambua ndege kwa picha na maelezo. Kwa sauti usiiamini kwa kila ndege wa huku. Pakua kabla hujatoka, kwa sababu bando huisha msituni.

Upande wa ndege una kitu ambacho nyota hazina kwa kiasi hicho: kazi yako ina faida. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa, na yeyote anayetambua ndege anaweza kutuma orodha ya alichokiona. Orodha yako ya Nyalenda au Ahero inaingia kwenye ramani ileile ya wataalamu. Kwa nyota, kuna mradi wa Globe at Night wa kupima mwanga wa miji kwa kuhesabu nyota unazoziona. Ni mzuri, ila ni wa siku chache kila mwezi.

Wanaosema afadhali sukuma na managu kwenye magunia uani, wako sawa: inalisha. Lakini hiyo ni kazi, na ulinganisho huu ni wa watu waliochoka na kazi.

Nani achague nini

Muuguzi wa zamu za usiku Kisumu anaweza kunipinga, na ana haki. Yeye ndiye anayekuwa macho saa tisa usiku mbingu ikiwa imesafika, na akitoka zamu ndege wanaanza. Achukue zote mbili. Mzazi wa watoto wadogo Nakuru achukue nyota, kwa sababu hakuna kusafiri na kila mmoja analala saa tatu. Mwendesha boda anayekaa stejini akingoja wateja tayari ana ndege juu ya mti. Kinachokosekana ni majina tu.

Ukianza msimu wa mvua, usihangaike na mbingu. Tafuta mti wenye viota vya mnana. Dume ndiye anayefuma, tena kwa nyasi mbichi, huku amening'inia kichwa chini akipiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia, anakagua, anatoka. Asiporidhika na kiota kikakauka bila mwenyeji, dume anakifumua mwenyewe na kuanza kingine palepale. Mti kama huo upo kwenye shule na ploti nyingi kuanzia Ahero hadi Bungoma. Ukianza Disemba, subiri usiku usio na mwezi, zima taa ya veranda, na yape macho dakika ishirini kabla ya kuamua kama kuna kitu cha kuona.